Kondoo na Sindano ya Kutuliza: Chunga Pumzi Yake

Leo tunazungumza juu ya kondoo, na hasa juu ya pumzi ya kondoo.

Tumepata barua kutoka kwa mfugaji mwenye dume la kondoo. Anasema dume huyo amenona vizuri, lakini ni jeuri. Kila akijaribu kumpandisha garini kwenda mnadani anamponyoka. Sasa muuza dawa mmoja amemwambia kwamba iko sindano ya kutuliza, ile wanayochomwa ng'ombe, na kwamba akimchoma kidogo tu, kondoo atalala safari nzima. Mfugaji huyu anauliza: je, nimchome kiasi gani?

Ndugu yetu, jibu ni kwamba usimchome kabisa. Lakini hatutaki kukukataza halafu tukanyamaza, maana mtu akikatazwa bila kuelezwa sababu, kesho atajaribu. Kaa kitako basi tuelezane.

Dawa inayotumika zaidi kwa kazi hiyo huitwa zailazini. Kwenye chupa utaona jina lake linaanza na herufi X. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1962, na mpaka leo madaktari wa mifugo wanaitumia. Mnyama akichomwa, kichwa kinashuka, masikio yanalegea, mate yanachuruzika, na kipimo kikizidi anajilaza chini. Pia hupunguza maumivu na kulegeza misuli. Ikiwa mikononi mwa mtu aliyesomea kazi hiyo, ni dawa yenye msaada mkubwa. Hatuilaumu dawa.

Shida ni kwamba dawa hii haiwapati wanyama wote sawasawa. Farasi huhitaji nyingi. Ng'ombe hutulizwa na sehemu moja tu ya kumi ya kile anachohitaji farasi. Kondoo na mbuzi nao wako upande huo wa ng'ombe, upande wa wanyama wanaoshikwa upesi. Ndiyo sababu dawa hii hutengenezwa kwa nguvu mbili. Iko chupa yenye miligramu 20 katika kila mililita, na iko chupa yenye miligramu 100 katika kila mililita. Ukiziweka mezani, ni maji meupe tu kote kote. Usiposoma karatasi iliyobandikwa hutajua ipi ni ipi.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme kondoo wako ana kilo 30, na daktari ameamua kumpa miligramu 0.1 kwa kila kilo. Hizo ni miligramu 3 tu. Kwa chupa ya 20, ni mililita 0.15, yaani tone chache. Kwa chupa ya 100, ni mililita 0.03, kiasi ambacho hata kukipima kwenye bomba la kawaida la sindano huwezi. Sasa chukua yule anayesema "mchome kidogo tu." Kwake kidogo ni nusu mililita. Akivuta nusu mililita kutoka chupa ya 100, amempa kondoo huyo miligramu 50. Gawanya 50 kwa 3 uone mwenyewe: ni zaidi ya mara 16 ya kile alichopaswa kupata. Na mkononi mwa mchomaji bado inaonekana ni kidogo!

Hilo ni jambo la kwanza, na pengine utasema: basi nitapima vizuri. Haya, tuje kwenye jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Kondoo anaweza kupata shida ya pumzi hata kama kipimo ni sahihi.

Mnyama huvuta hewa kwa pua, ikapita kooni, ikaingia kwenye bomba la hewa lililo shingoni, halafu ikagawanyika katika vijia vidogo vidogo kama matawi ya mti mpaka ifike kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno, na nyuma yake ipo mishipa midogo ya damu. Hapo ndipo damu inapochukua hewa safi. Vijia vikibana, au vifuko vikiingia maji, hewa haifiki kwenye damu hata mnyama akihema namna gani.

Sasa mapafu ya kondoo yana kitu ambacho mapafu ya mtu na ya mbwa hayana kwa wingi huo. Ndani ya ile mishipa midogo ya damu, kwenye kuta zake, zimeng'ang'ania chembe hai za ulinzi, kama askari waliokaa kwenye zamu. Kazi yao ni kukamata uchafu na vijidudu vinavyopita katika damu. Kwa mtu, askari wa namna hiyo wako zaidi kwenye ini. Kwa kondoo wako mapafuni. Zailazini na dawa za ukoo wake zikiingia, hasa zikichomwa ndani ya mshipa wa damu na kufika mapafuni kwa kishindo, askari hao huchokozwa. Wakichokozwa wanatoa kemikali zinazobana vijia vya hewa na kuifanya mishipa midogo ivuje. Maji ya damu yanapenya mpaka kwenye vifuko vya hewa. Ndiyo hali tunayoiita mapafu kujaa maji. Na jambo hili halingojei saa nzima. Katika dakika chache za mwanzo baada ya kuchomwa mshipani, hewa katika damu inaweza kushuka vibaya.

Huko Guelph, nchini Canada, watafiti wa chuo cha madaktari wa mifugo walilipima jambo hili katika miaka ya 1990. Walijaribu kwa kondoo dawa nne za ukoo huo: zailazini, romifidini, detomidini na medetomidini. Zote nne zilishusha hewa katika damu. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii si zailazini, ni mpya, haina neno," muulize ni ya ukoo gani.

Tena kondoo hawalingani. Wawili wa zizi moja, wa uzito mmoja, wamechomwa dawa ile ile kwa kipimo kile kile: mmoja anasinzia na kuamka salama, mwenzake anatokwa na povu puani. Huwezi kumtazama kondoo asubuhi ukajua ni yupi. Kwa hiyo ushahidi wa jirani kwamba "mimi nilimchoma wangu na hakufa" hautoshi, bwana. Alichomwa wake, siyo wako.

Jambo la tatu ni tumbo. Kondoo ni mnyama anayecheua. Tumbo lake kubwa limejaa majani na maji, na wakati wote linatengeneza gesi ambayo hana budi aibeue. Zailazini hulegeza tumbo hilo lisifanye kazi yake, na mnyama aliyelala ubavu hawezi kubeua vizuri. Gesi inajaa, tumbo linafura kama ngoma na kusukuma kifua kutoka nyuma, na mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka. Papo hapo mate yanaendelea kutoka, na kondoo mzima hutoa mate lita kadhaa kwa siku, wakati koo limelegea na hamezi. Majani ya tumboni nayo yanaweza kurudi juu. Hapo anapaliwa. Yanayoingia kwenye bomba la hewa yasipomuua siku hiyo, baada ya siku chache atapata homa ya mapafu.

Sasa mrudie yule dume wa kwenye barua. Amechomwa, amelala ubavu kwenye sakafu ya gari, kichwa kimening'inia au kimekandamizwa na wenzake, jua linawaka, barabara ni ya mashimo, na mwenye mali amekaa mbele na dereva. Nani atamwona anapoanza kufura? Nani ataona ulimi umekuwa wa bluu? Mnadani atateremshwa mzoga. Mfugaji atakuwa amenunua dawa, amelipa gari, na dume wa kuuzwa hana.

Na kwa kweli kondoo si mnyama wa kutuliza kwa dawa kwa kazi za kila siku. Kumwekea hereni sikioni, kumkata kwato, kumnywesha dawa ya minyoo, kumtazama kiwele, kumpandisha garini, zote hizi ni kazi za mikono. Mshike kwa mkono mmoja chini ya taya na mwingine kwenye ubavu karibu na paja. Usimvute kwa manyoya wala kwa ngozi ya mgongo, anaumia na ngozi inachubuka. Ukitaka kumkalisha, geuza kichwa chake taratibu kuelekea begani mwake, vuta ubavu wa nyuma kuelekea kwako, na umshushe akae kwa matako, mgongo wake ukiegemea magoti yako. Kondoo akikaa hivyo hutulia mwenyewe, ajabu sana. Fanya kazi yako upesi, kisha umwachie. Lakini jike mwenye mimba kubwa, au kondoo aliyetoka malishoni amejaza tumbo, usimkalishe hivyo kwa muda mrefu, maana tumbo litambana kifua. Huyo mbane ukutani akiwa amesimama.

Kondoo akitengwa peke yake huwa na wasiwasi mwingi, ndiyo unamwona jeuri. Kwa hiyo dume yule mpandishe garini pamoja na wenzake wawili watatu aliowazoea, hata kama hao utarudi nao. Mpandishe asubuhi na mapema kabla ya jua. Weka ubao au tuta la udongo apande kwa miguu yake. Tandika majani makavu au mchanga asiteleze, na asafiri akiwa amesimama, hajafungwa miguu yote minne. Hili la kufunga miguu minne na kumlaza ubavu juu ya pikipiki tumeliona sana, na shida ya gesi tumboni ni ile ile, hata kama hakuchomwa chochote.

Zipo kazi ambazo kondoo hana budi atulizwe: kushonwa jeraha kubwa, kuunganisha mfupa uliovunjika, kutolewa kondoo mchanga kwa kupasua tumbo. Hizo ni kazi za daktari wa mifugo. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inayotaka watu wa kazi hiyo wasajiliwe, na wewe mwenye mali una haki ya kumwuliza mtu kama amesajiliwa kabla hajagusa mnyama wako. Usione haya.

Daktari anapokuja, na wewe una sehemu yako. Mwambie ukweli wote juu ya kondoo huyo. Kama anakohoa, ana makamasi, ana minyoo ya mapafu, au amepona karibuni sotoka ya mbuzi na kondoo, sema mapema, maana mapafu yaliyokwisha kuumwa hayana akiba. Kama ni jike mwenye mimba ya miezi ya mwisho, sema, kwa sababu zailazini inaweza kulifanya tumbo la uzazi libane. Mpime uzito badala ya kukisia. Daktari akiagiza kondoo mzima asile tangu jana yake, mfungie kweli, usimwonee huruma ukamtupia majani usiku. Kwa kawaida huagizwa saa 12 mpaka 24 bila chakula, na maji huondolewa baadaye kidogo; lakini fuata saa atakazokupa yeye, kwa vile jua la kwenu analijua. Mwanakondoo anayenyonya huyo ni mwingine. Hafungiwi namna hiyo, ataishiwa nguvu.

Usishangae daktari akikataa kutumia zailazini kabisa na akachagua dawa nyingine isiyobana pumzi sana, kwa mfano diazepamu, pengine pamoja na ketamini. Wala usimharakishe achome mshipani ati ili dawa ishike upesi. Kwa kondoo, upesi huo ndio tunaouogopa.

Mara nyingi kinachotosha ni dawa ya ganzi tu, lignokaini, inayochomwa mahali pa kukatwa huku wewe umemshika mnyama. Nayo ina mpaka wake. Kondoo na mbuzi hudhurika kwayo ikizidi, na kipimo ambacho madaktari wengi hawapendi kukivuka ni miligramu 5 kwa kila kilo. Chupa ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita. Basi kondoo wa kilo 20 mwisho wake ni mililita 5, na mwanakondoo wa kilo 5 mwisho wake ni mililita 1.25 kwa mwili mzima. Ikizidi mnyama anaanza kutetemeka na kukakamaa, na anaweza kufa.

Kondoo akishatulizwa, alale juu ya kifua chake, siyo ubavu. Mkingie magunia au majani pande zote mbili asianguke. Kama kazi inalazimu alale ubavu, weka mto wa gunia chini ya shingo, nyuma kidogo ya kichwa, ili shingo iinuke na pua ielekee chini. Hapo mate na majani vitachuruzika nje badala ya kurudi kooni. Mweke kivulini. Mtu mmoja awe na kazi ya kutazama pumzi tu, hata kama ni mtoto wa shule, mradi anajua kuhesabu.

Kondoo aliyetulia, mahali pa baridi, huhema mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Penye joto huhema zaidi, kwa hiyo mhesabu kabla hajachomwa, ujue ulianzia wapi. Tazama pia rangi. Wengi wetu tunatazama ufizi, lakini kwa kondoo wenye kichwa cheusi ufizi nao mara nyingi ni mweusi, hautakwambia kitu. Kwa hao vuta kope la chini la jicho utazame ndani: pawe pekundu laini. Pakigeuka rangi ya bluu au kijivu, hiyo ni hatari. Hatari nyingine ni kuhema kwa haraka huku mdomo u wazi, mbavu kuvutika ndani kila anapovuta pumzi, sauti ya mkoromo wa maji kifuani, povu jeupe au la waridi puani, na tumbo la upande wa kushoto kufura.

Ukiyaona hayo, mwite daktari pale pale. Wakati unamngoja, mgeuze akae juu ya kifua, mnyooshe shingo, pua ielekee chini, mfute povu na majani mdomoni kwa kitambaa, na uvute ulimi kando usizibe koo. Basi. Usimnyweshe maji, wala maziwa, wala mafuta. Mnyama asiyeweza kumeza ukimnywesha unamzamisha. Na usimfukizie moshi, kama tulivyowahi kuona penginepo.

Daktari anaweza kuwa na dawa ya kumzindua, kama atipamezoli au tolazolini. Dawa hizo huondoa usingizi, na mara nyingi kondoo anasimama mbele ya macho yako. Lakini maji yaliyokwisha kuingia mapafuni hayakauki papo hapo, na usingizi wenyewe unaweza kurudi baada ya muda. Kwa hiyo usimrudishe kundini kwa kuwa amesimama. Kaa naye mpaka ashike kichwa vizuri, abeue, atembee bila kuyumba. Chakula na maji vingoje mpaka umwone anameza sawasawa. Siku mbili tatu zinazofuata mtazame kama anakohoa, ana homa, au anazubaa.

Liko jambo la mwisho, na hili linagusa jikoni. Kondoo akianza kukata roho, wa kwanza kufika huleta kisu: "mchinje upesi asife kibudu." Ndugu wafugaji, mnyama aliyechomwa dawa hizi nyama yake inayo dawa. Msimle, wala msiwape mbwa, mpaka daktari aseme siku ngapi zimetosha; na aliyekufa kwa dawa azikwe shimo refu. Zailazini haikuruhusiwa kutumika kwa binadamu. Mtu akijichoma nayo kwa bahati mbaya wakati kondoo anafurukuta, asingoje kuona itakuwaje. Apelekwe hospitali mara moja, na ile chupa iende naye, ili mganga asome jina lake mwenyewe. Chupa na sindano zilizotumika apewe daktari wa mifugo aondoke nazo. Zisibaki dirishani watoto wakazichezea.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Wiki ijayo, saa kama hizi, tutaeleza jinsi ya kuhasi wanakondoo kwa koleo, umri unaofaa, na namna ya kuwashika. Wenye maswali waendelee kutuandikia, na tafadhali andikeni uzito wa mnyama na umri wake. Kwaherini.